Mpangaji Mnunuzi: Ya Kufanya Kabla Hujalipa Amana

Swali linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Msomaji wa Ziwani, Nairobi, anauliza kama risiti za kodi za marehemu babake zina kazi yoyote. Kijana wa Mukuru anauliza mbona anakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi na hajapewa ufunguo. Mama wa mtaa wa Bahati ameambiwa kwamba nyumba za kaunti anamokaa zitabomolewa, maghorofa yajengwe, naye arudi akiwa mwenye nyumba. Anataka kujua ashike nini mkononi kabla hajafunga virago.

Nawajibu wote hapa pamoja. Sitaeleza sera wala kubishana kama mpango wa serikali ya Kenya wa nyumba za bei nafuu ulistahili kuanzishwa. Mpango upo, watu wanahama na watu wanalipa. Ninachojali ni kwamba mpangaji wa miaka thelathini asije akajikuta nje kwa sababu ya karatasi ambayo angeweza kuipata kwa safari mbili za matatu.

Kwanza tuelewane: kupanga na kununua ni nini?

Kwa lugha ya mtaani, unalipa kodi ambayo siku moja inakwisha. Unatoa amana, ile tunayoiita dipoziti, unahamia, kisha unalipa kila mwezi kwa miaka mingi, wakati mwingine hadi 30. Tanzania wanakuita mpangaji mnunuzi, na jina hilo linasema ukweli wote: mpaka shilingi ya mwisho iingie, wewe bado ni mpangaji. Hati haijawa yako, na ukilimbikiza deni unaweza kutolewa. Wengi wanapokea ufunguo, wanaita jamaa kusherehekea, halafu wanaishi kana kwamba kazi imekwisha. Siku ya ufunguo ndiyo kazi inaanza.

Ushuru wa nyumba si amana yako

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamtaka mfanyakazi akatwe asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri aongeze kiasi hicho hicho. Ukipata shilingi 30,000 kwa mwezi, unakatwa 450. Pesa hiyo inaingia katika mfuko wa kujenga, kama kodi nyingine. Haiandikwi kwa jina lako kama akiba, na haikupi nyumba.

Kwa hiyo:

- Usingoje kuitwa eti kwa kuwa umekatwa tangu 2023. Asiyejiandikisha kuomba nyumba hajulikani.
- Usihesabu makato hayo kama sehemu ya amana. Amana unaiweka mwenyewe, kando.
- Kama hujaajiriwa, usidhani umefungiwa mlango. Mama mboga na fundi wa jua kali wanaruhusiwa kuomba. Wanachohitaji zaidi ni kuonyesha mapato, na hapo ndipo daftari la chama, taarifa ya Sacco na taarifa ya M-Pesa zinapofanya kazi ambayo karatasi ya mshahara ingefanya.

Sheria hiyo imegawa nyumba kwa mapato. Nyumba za kijamii ni za anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Nyumba za bei nafuu ni za mwenye mapato kati ya 20,000 na 149,000. Anayezidi hapo ana kundi lake. Usidanganye mapato ili uingie kundi la chini. Nimeona watu wakishauriwa hivyo na mabroka. Ukipangiwa nyumba kwa maelezo ya uongo, umejijengea sababu ya kunyang'anywa.

Jina lako liko kwenye rejista ya nani?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko watu wengi wanakoumia.

Katika mitaa ya zamani ya Eastlands, nyumba nyingi zina mpangaji wa karatasi na mpangaji wa kweli. Wa karatasi alipewa nyumba enzi za halmashauri ya jiji. Pengine ameshafariki, amerudi mashambani, au anamkodishia mwingine na kuchukua faida. Wa kweli ndiye anayelala humo, anayelipa maji, anayejulikana na balozi wa nyumba kumi na kila jirani. Siku serikali inapokuja kuhesabu wapangaji watakaopewa kipaumbele katika nyumba mpya, swali la kwanza halitakuwa nani analala humu. Litakuwa: jina gani liko kwenye rejista?

Shangazi yangu alikaa nyumba ya aina hiyo na mumewe kwa miaka ishirini na kitu. Mume alipofariki, aliendelea kulipa kodi kwa jina la marehemu, mwezi baada ya mwezi, bila kukosa. Hakuna aliyemwambia abadilishe. Aliweka risiti zote katika kopo la biskuti chini ya kitanda. Siku tulipokwenda ofisini kuomba upangaji uhamie kwake, karani alizitoa moja moja, akaziinua kuelekea dirishani kutafuta mwandiko. Zilizoandikwa kwa karatasi ya kaboni zilikuwa zimefifia hadi zikabaki alama za rangi ya samawati kama michirizi ya mvua ukutani. Mwaka mzima wa malipo, na hakuna tarakimu hata moja iliyosomeka. Ilituchukua miezi minane, kiapo cha wakili, cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua ya chifu kupata kile ambacho tungekipata kwa wiki chache kama tungekwenda mapema.

Basi fanya haya wiki hii, kabla tetesi za kubomolewa hazijafika mtaani kwako:

1. Nenda ofisi ya nyumba ya kaunti, au ya shirika linalomiliki nyumba yako, uulize jina lililo kwenye rejista. Usikubali jibu la mdomo. Omba taarifa ya akaunti ya nyumba.
2. Kama jina ni la marehemu mzazi au mwenzi, anza maombi ya kuhamisha upangaji. Chukua cheti cha kifo, vitambulisho, na barua ya chifu inayothibitisha kwamba unaishi hapo.
3. Kama mko ndugu kadhaa, kaeni mkubaliane nani ataandikwa, muandike makubaliano hayo na mtie sahihi wote. Nyumba ya kupanga haigawanywi kama shamba. Jina ni moja. Familia nyingi zimepoteza nafasi kwa sababu ndugu watatu walipeleka maombi matatu yanayopingana, ofisi ikaweka faili kando.
4. Piga picha kila risiti leo. Iliyofifia, pata taarifa ya akaunti inayoionyesha.
5. Lipa malimbikizo. Kama ni makubwa, omba kwa maandishi kulipa kidogo kidogo, na ulipe fungu la kwanza siku hiyo hiyo. Mwenye deni linaloonekana kupungua husikilizwa kuliko anayesubiri msamaha.

"Lakini mimi nimekodishiwa na mwenye jina, sina uhusiano wowote na kaunti." Nakuonea huruma, na sitakupa matumaini ya bure: nafasi yako ya kupewa kipaumbele kama mpangaji wa zamani ni ndogo. Ila unaweza kuomba nyumba kama mwananchi mwingine yeyote, na ukifanya hivyo sasa utakuwa mbele ya wengi. Usimlipe mwenye jina "akuuzie nafasi yake". Nafasi hiyo si mali yake ya kuuza.

Mkiambiwa mhame kupisha ujenzi

Pangani, Nairobi, wapangaji 48 wa nyumba za zamani walihama ili maghorofa yajengwe, wakiwa wameahidiwa nafasi ya kwanza katika nyumba mpya. Dar es Salaam, kaya 644 za Magomeni Kota zilivunjiwa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 2010. Walisubiri miaka, hadi Rais John Magufuli alipoagiza mwaka 2016 wajengewe. Wakala wa Majengo Tanzania ulijenga nyumba 656, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua Machi 2022. Muda wote huo wakazi walikuwa wametawanyika kwa ndugu na vyumba vya kupanga. Kilichowashikilia pamoja kilikuwa orodha: kaya 644, zinazojulikana, zenye uongozi unaoweza kusimama mbele ya ofisi yoyote na kusema sisi ni hawa.

Kwa hiyo kabla ya kukabidhi ufunguo wa nyumba ya zamani, hakikisheni kama mtaa, si mtu mmoja mmoja, kwamba mna haya kwa maandishi:

- Orodha ya wapangaji wote yenye namba ya nyumba, jina na namba ya kitambulisho, iliyotiwa sahihi na muhuri, na kila mmoja abaki na nakala.
- Pesa za kuhamia zitakuwa kiasi gani, zitalipwa lini, na ni za miezi mingapi. Ulizeni hasa: ujenzi ukichelewa, nani atalipa kodi ya miezi iliyozidi?
- Ahadi ya kurudi inasema nini. "Kipaumbele" peke yake hakitoshi. Kipaumbele cha nyumba ya ukubwa gani, kwa bei gani, na kwa muda gani wa kulipa?
- Kama mpangaji atafariki kabla ya nyumba kukamilika, nafasi yake itakwenda kwa nani.

Kosa la kawaida: watu wanachukua pesa za kuhamia, wanatawanyika, na kamati inakufa. Miaka miwili baadaye simu za zamani hazipatikani. Wekeni kikao hata mara moja kila miezi mitatu, na mtu wa kuandika mahudhurio. Ukibadilisha namba ya simu, iambie kamati na uiambie ofisi.

Kaa na kalamu: je, utaiweza kila mwezi?

Bei inayotangazwa ni mwanzo tu wa hesabu. Tuchukue mfano, narudia, mfano: nyumba ya shilingi milioni 1.5. Tuseme amana ni asilimia 10, hapa 150,000. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo soma barua yako mwenyewe, usimwulize jirani aliyelipa mwaka juzi.

Salio ni 1,350,000. Ukiligawanya kwa miaka 25 unapata 4,500 kwa mwezi, na hapo ndipo watu wengi wanaishia, wakifurahi. Lakini kuna riba. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, malipo yanafika kama 6,400. Kwa asilimia 6, yanafika karibu 8,700, na jumla ya utakayolipa kwa miaka hiyo 25 ni zaidi ya milioni 2.6 juu ya amana. Nyumba ni ile ile. Tofauti ya riba peke yake ni gunia la mahindi kila baada ya miezi michache.

Ongeza ada ya usimamizi: askari wa lango, taka, taa za ngazi, pampu ya maji, lifti. Ongeza maji na stima. Ongeza nauli, maana nyumba mpya inaweza kuwa mbali na kazi yako. Jumla yote, si fungu la mkopo pekee, ndiyo unayoilinganisha na kodi unayolipa leo.

Kisha jipime. Kwa miezi sita kabla ya kukubali, lipa kodi yako ya sasa kama kawaida, na ile tofauti iweke Sacco tarehe ile ile kila mwezi. Ukiweza miezi sita bila kuigusa, unaiweza nyumba, na tayari una sehemu ya amana. Ukishindwa mwezi wa tatu, umegundua bila hasara; tafuta nyumba ndogo zaidi. Chumba kimoja chenye hati ni bora kuliko vyumba viwili vyenye malimbikizo.

Boma Yangu na mabroka

Maombi ya nyumba za mpango wa serikali Kenya yanapitia Boma Yangu, mfumo wa mtandaoni. Kujiandikisha ni bure. Kama simu inakusumbua, nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ukiwa na kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, uombe usaidiwe.

Mambo ya kukataa bila kusita:

- Mtu anayeuza "sloti" au kusema ana mkubwa ndani.
- Malipo kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Lipa kwa njia rasmi pekee, na uhifadhi ujumbe wa malipo.
- Kumpa mtu nywila yako "akusaidie kufuatilia".
- Kumwazimisha jamaa mwenye pesa kitambulisho chako ili anunue kwa jina lako. Mtu mmoja anaruhusiwa nyumba moja. Umempa yako, na siku atakapoacha kulipa, deni litakuwa lako.

Na ukishajiandikisha, usilale. Jaza kila sehemu, chagua eneo ambalo kweli utaishi, na uanze kuweka akiba. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza za Mukuru zilikabidhiwa; zamu yako ikifika, uwe na karatasi kamili na akiba tayari.

Soma mkataba, hata kama foleni ni ndefu

Utaitwa kutia sahihi siku yenye watu wengi na haraka nyingi. Una haki ya kuomba nakala uende nayo nyumbani. Mtafute wakili, hata mkichanga watu kumi kumlipa mmoja awasomee wote, kwa kuwa mikataba hufanana. Ulizeni:

- Riba ni ngapi, na inaweza kubadilishwa katikati?
- Nikichelewa, nina siku ngapi kabla ya hatua kuchukuliwa? Faini ni kiasi gani?
- Nikitolewa au nikiamua kuondoka, nitarudishiwa nini katika niliyolipa?
- Nikipata pesa nikataka kumaliza mapema, kuna adhabu?
- Hati itatoka lini na kwa jina la nani?
- Kuna bima ya maisha inayolipa deni nikifariki?

Kuhusu kuuza: sheria ya 2024 haikuruhusu kuuza nyumba hii bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia mpango. Anayekuambia mtaandikishana pembeni kwa wakili, halafu mambo yatajirekebisha, anakupeleka kwenye hasara.

Kwa walio kwenye ndoa: andikisheni majina yote mawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamlinda mwenzi, nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake, lakini jina lililo kwenye hati linaokoa safari ndefu za mahakamani.

Hati ya ghorofani

"Nitamilikije nyumba iliyo ghorofa ya saba? Ardhi ni ya nani?" Swali zuri. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, mwenye nyumba ndani ya ghorofa Kenya anaweza kupata hati ya nyumba yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika sehemu za pamoja: ngazi, paa, uwanja. Wamiliki wote ndio shirika linalosimamia jengo. Hiyo ina maana kwamba kikao cha wamiliki si porojo. Hapo ndipo ada inapangwa na msimamizi anapochaguliwa. Nimeingia katika majengo ambayo lifti ilisimama mwaka mzima kwa sababu nusu ya wenye nyumba walikataa kuchangia, wakisema wao wanakaa chini. Wazee wa ghorofa ya nane wakawa wafungwa wa vyumba vyao. Hudhuria, dai hesabu zilizoandikwa, na shinikiza mfuko wa matengenezo uanze tangu mwezi wa kwanza, jengo likiwa bado jipya.

Kama wewe au mama yako hamwezi ngazi, lisemeni hilo wakati wa maombi, si siku ya kupewa ufunguo.

Kwa wasomaji wetu walio Uingereza

Mnaokaa nyumba za kaunsili Leicester, London na kwingineko mmeuliza kama bado mnaweza kununua. Haki ya wapangaji hao kununua iliwekwa na sheria ya mwaka 1980. Scotland waliifuta 2016, Wales 2019. England bado ipo kwa aliyekuwa mpangaji wa nyumba za umma kwa angalau miaka mitatu, lakini tangu Novemba 2024 punguzo la juu limeshushwa hadi kati ya pauni 16,000 na 38,000 kutegemea eneo. Ukiuza ndani ya miaka mitano utadaiwa punguzo hilo: lote katika mwaka wa kwanza, kisha linapungua kila mwaka. Na kama ni fleti, kabla ya kutia sahihi uliza kwa maandishi matengenezo makubwa yaliyopangwa: paa, lifti, kuta za nje. Bili ya kazi hizo humfikia mwenye fleti, na imewaangusha wengi waliodhani wameshamaliza.

Mengine mliyouliza

*Nimepoteza kazi na nimeshahamia. Nifanyeje?* Andika barua mwezi ule ule, kabla ya kukosa fungu la kwanza ikiwezekana. Eleza kilichotokea, omba nafuu ya muda maalumu, na ulipe hata nusu. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

*Naweza kupangisha chumba kimoja nipate pesa za kulipia?* Mkataba wako ndio wenye jibu. Kama umekataza, usifanye kwa siri. Mpangaji uliyegombana naye ndiye atakayekushtaki.

*Nina miaka 62. Watanipa miaka 30 ya kulipa?* Uliza juu ya muda mfupi zaidi, au mtoto mwenye kipato aandikwe pamoja nawe. Lakini mtoto akiandikwa, aelewe kwamba hiyo ndiyo nyumba yake moja katika mpango huu, na mwenzake wa ndoa ajue pia.

*Risiti zangu ni za jina la baba, na cheti chake cha kifo hakipo.* Anza na hicho. Nenda kwa chifu upate barua, kisha ofisi ya usajili wa vifo uombe usajili uliochelewa. Bila cheti hicho faili lako halitasogea, kwa hiyo usipoteze siku nyingine kwenye dirisha la ofisi ya nyumba kabla hujakipata.